Edmonde Charles-Roux na Jalada la Vogue

Gazeti la mavazi hudhaniwa na watu wengi kuwa kitu chepesi, kazi ya kupitisha wakati kwa wenye nafasi na fedha. Walakini nguo ni katika mambo ya kwanza yanayomtambulisha mtu mbele ya wenzake. Huonyesha umri wake, kazi yake, mali yake na heshima anayoitaka. Kwa hiyo mwenye madaraka ya kuchagua nguo ipi ionyeshwe, na nani aivae katika picha, ana madaraka ya kusema ni nani anayestahili kutazamwa. Maisha ya Edmonde Charles-Roux, mhariri mkuu wa toleo la Kifaransa la gazeti la Vogue tangu mwaka 1954 hata 1966, yanaonyesha ukubwa wa madaraka hayo, na yanaonyesha mpaka wake pia.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1920 huko Neuilly-sur-Seine, kando ya Paris, katika ukoo wenye asili ya Marseille. Babu yake, Jules Charles-Roux, alikuwa mtu mashuhuri wa mji huo katika biashara na siasa. Baba yake, François, alikuwa balozi, na kwa ajili ya utumishi wa baba binti alipata malezi yake katika Prague na Roma. Malezi hayo yangaliweza kumfanya mwanamke wa barazani tu, mwenye adabu nyingi na kazi chache. Vita vilimpeleka njia nyingine. Alijitolea kuwa mwuguzi, akajeruhiwa huko Verdun alipokuwa akiwahudumia askari wa Jeshi la Wageni la Ufaransa. Nchi yake iliposhindwa aliingia katika upinzani, na mwaka 1944 alifuatana na jeshi la Jenerali de Lattre de Tassigny. Alitunukiwa nishani ya Croix de Guerre kwa ushujaa wake.

Mwanamke wa namna hiyo hakuweza kurudi barazani kukaa kitako. Mwaka 1945 wanawake wa Ufaransa walipiga kura kwa mara ya kwanza, na katika mwaka huo huo Hélène Lazareff alianzisha gazeti la wanawake lililoitwa Elle. Charles-Roux aliingia katika gazeti hilo mwaka 1946, akajifunza humo kazi ya uandishi wa habari. Baada ya miaka miwili alihamia Vogue. Hapo aliyekuwa akishika usukani ni Michel de Brunhoff, mtu ambaye mwaka 1940 alilifunga gazeti lake kuliko kulichapisha chini ya amri ya Wajerumani, akalifungua tena baada ya Paris kukombolewa. Basi nafasi aliyoirithi Charles-Roux mwaka 1954 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba hata mhariri wa gazeti la mavazi huweza kukataa.

Chini yake Vogue ilitoka katika desturi ya kuorodhesha magauni. Mavazi ya nyumba kubwa za mishono yaliwekwa pamoja na habari za vitabu, michezo ya kuigiza na sanaa za uchoraji, na nguo zilizoshonwa tayari kwa watu wa kipato cha kawaida zilianza kuheshimiwa. Mfano mmoja unatosha kueleza ujasiri wake. Katika toleo la Februari 1955 alizichapisha picha za kijana asiyejulikana bado, Guy Bourdin. Katika mojawapo ya picha hizo mwanamke mwenye kofia ya fahari amesimama chini ya vichwa vya ndama vilivyotundikwa buchani, ndimi zikiwa nje. Hapana shaka wasomaji wengine walichukizwa. Lakini Bourdin aliendelea kulifanyia kazi gazeti hilo kwa miaka mingi, akahesabiwa baadaye miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa karne ile. Mhariri aliona thamani yake kabla ya dunia kuiona, na hiyo ndiyo kazi ya mhariri.

Msomaji atauliza: ikiwa aliruhusiwa kuchapisha vichwa vya ndama, ni kitu gani alichokatazwa? Jibu lilipatikana mwaka 1966. Charles-Roux alitaka kuweka juu ya jalada picha ya mwanamke mweusi. Wakati huo makoloni mengi ya Ufaransa katika Afrika yalikuwa yamekwisha kupata uhuru tangu mwaka 1960, na Algeria tangu 1962. Huko London, Vogue ya Kiingereza ilikuwa imemweka Donyale Luna, Mmarekani mweusi, juu ya jalada la Machi 1966. Hata hivyo katika Paris jambo hilo lilikuwa zito mno kwa wenye gazeti. Palitokea kutoelewana, na mhariri akaondolewa katika kazi aliyoifanya kwa miaka 12.

Tofauti baina ya kurasa za ndani na jalada ni jambo la kufikiriwa. Kurasa za ndani husomwa na mtu aliyekwisha kutoa fedha yake. Jalada humwita yule ambaye bado hajaitoa. Ndani, mhariri huachiwa akili yake na ladha yake. Juu ya jalada huamua mwenye mali, naye huamua kwa kuogopa mnunuzi na mtangazaji wa bidhaa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Madaraka ya Charles-Roux yalikuwa ya kuazima: yalimsitiri alipowashtua wasomaji kwa sanaa, yakamwacha wazi alipogusa swali la rangi ya uso.

Haifai, lakini, kumgeuza malaika kwa sababu ya tendo moja. Gazeti lake lilikuwa la anasa, na lilihudumia kwanza wenye uwezo. Kwa muda wa miaka 12 nyuso za majalada yake zilikuwa nyeupe, na hilo lilikuwa jambo la kawaida katika biashara ile yote. Sifa yake ni kwamba alipoamua kuvunja kawaida hiyo hakurudi nyuma, ingawa cheo chake kilikuwa rehani.

Mwaka huo huo wa 1966 riwaya yake ya kwanza, Oublier Palerme, ilitoka na kupata tuzo ya Goncourt. Husemwa mara nyingi kwamba kufukuzwa kulimzaa mwandishi. Maneno hayo hayana uzito, maana riwaya haiandikwi kwa siku chache. Mwandishi alikuwa ndani ya mhariri tangu zamani. Tena kitabu chenyewe chamhusu mwanamke wa Sicily anayefanya kazi katika gazeti la wanawake huko New York, na ulimwengu wa magazeti hayo umetazamwa humo kwa jicho kali la mtu aliyeishi ndani yake. Baadaye aliandika habari za maisha ya mshonaji Chanel, zilizochapishwa mwaka 1974. Mwaka 1983 aliingia katika Akademia ya Goncourt, na tangu 2002 hata 2014 alikuwa mwenyekiti wake. Alifariki Marseille tarehe 20 Januari 2016, akiwa na umri wa miaka 95.

Jalada alilonyimwa lilikuja baada ya miaka 22. Naomi Campbell alionekana juu ya Vogue ya Paris ya Agosti 1988, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Kwa maelezo ya Campbell mwenyewe, wenye gazeti walisita mpaka Yves Saint Laurent, bingwa wa mishono, alipotishia kuondoa matangazo yake. Basi mlango uliofungwa kwa hofu ya biashara ulifunguliwa kwa hofu ya biashara vile vile. Mhariri aliyekuwa na haki hakusikilizwa mwaka 1966. Mtangazaji aliyekuwa na fedha alisikilizwa mwaka 1988. Atakayeandika historia ya magazeti ya mavazi, akitazama majalada yaliyochapishwa peke yake, atawajua wenye mali zaidi kuliko atakavyowajua wahariri.