Katama Mkangi, mwandishi aliyempeleka mfungwa angani

Wapenzi wasikilizaji wa Butembo na Beni, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita na sasa mnakaa katika nyumba za watu, wengi hudhani hadithi za vyombo vya angani na sayari zingine ni mambo ya Wazungu na filamu zao. Sivyo. Moja iliandikwa kwa Kiswahili, na mtu wa pwani ya Kenya, kule bandari ya Mombasa inakotoka mizigo inayotufikia kupitia Kasindi.

Jina lake Katama Mkangi, Mmijikenda. Kazi yake ilikuwa kufundisha elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alianza kwa riwaya ya Ukiwa mwaka 1975, kisha Mafuta mwaka 1984. Hizo tuzipite haraka, juu kitabu chenyewe ninachotaka kusema ni cha tatu.

Lakini kabla ya kitabu, jela. Mwaka 1986 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianza kuwakamata watu iliowashuku kuwa wa kundi la siri la Mwakenya: walimu wa vyuo, wanafunzi, waandishi wa habari. Mkangi naye akachukuliwa. Alifungwa bila kesi. Anayefungwa kwa hukumu huhesabu miaka iliyobaki; yeye hakuwa na cha kuhesabu. Ninyi mnaongoja siku ya kurudi kijijini, na hakuna anayeweza kuwaambia tarehe, mnaelewa jambo hilo kuliko mimi.

Mwaka 1995 ikatoka Walenisi. Mtu anayeitwa Dzombo amehukumiwa kufa katika nchi yake. Hawampigi risasi wala hawamnyongi: wanamtia ndani ya chombo kinachoruka, kimpeleke akafie mbali. Dzombo hafi. Anajifunza kukiendesha kile chombo mwenyewe, mpaka anatua kwenye sayari nyingine, Walenisi. Huko hakuna tajiri anayemla maskini, na mgeni hashikwi wala haulizwi ametoka kabila gani. Anapokelewa, anaonyeshwa namna wanavyoishi.

Niseme ukweli: sehemu hiyo ya mafundisho ni ndefu. Watu wanaongea na kueleza, wanaeleza tena, na msomaji anayependa mbio za chombo angani atachoka kidogo. Mwalimu hakuacha kufundisha! Sehemu ya safari ndiyo tamu.

Lakini tazameni jina. Likate vipande: wale ni sisi. Hapa mitaani kwetu neno "wale" tunalisikia kila siku. Wale wa Oicha, wale wa Eringeti, wale wamekuja kwa wingi, wale wamepandisha bei ya nyumba. Mkangi hakuandika juu ya Beni, mauaji yetu ya tangu 2014 hakuyaona. Hata hivyo jina la sayari yake linatugusa sisi wenye nyumba zaidi ya linavyowagusa wakimbizi.

Hakuwa wa kwanza kuweka nchi juu angani. Shaaban Robert wa Tanga alifanya hivyo katika Kusadikika, mwaka 1951, ambamo Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria. Tofauti ni kwamba Kusadikika, nchi ya juu, ndiyo yenye dhuluma. Kwa Mkangi dhuluma imebaki huku chini, na mfungwa ndiye anayepanda.

Mwaka 1997 Mkangi alijaribu siasa, akagombea urais wa Kenya kwa chama cha Kenya National Congress. Kura zilikuwa chache sana, Moi akashinda tena. Mkangi alirudi kwenye kufundisha, mpaka ajali ya barabarani ilipomwua mwaka 2004, miaka miwili baada ya Moi kuondoka madarakani.