Cha Kuchezea cha Mang'ola na cha Ng'ambo

Ndugu msikilizaji, wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba pambo la kuweka kabatini ni sharti litoke ng'ambo, na kwamba kilichotengenezwa hapa nchini ni cha watoto kuchezea mavumbini. Hebu leo tushuke hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, mahali ambapo watu wa mijini tunapajua kwa vitunguu tu.

Katika pango la Mumba, zimefukuliwa shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Huko Venice hakukuwa na mji wakati huo, sembuse kiwanda! Shanga za kioo za Venice na Bohemia zilifika bara kwa wingi karne ya 19, mabegani mwa wapagazi wa misafara ya pwani. Wala wanunuzi hawakuwa mbumbumbu. Kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa ilioutaka, na tajiri aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alikwama na mzigo wake.

Wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola nao wana hesabu yao. Huchukua makufuli mabovu na mabomba ya shaba nyeupe, vitu vilivyotoka viwandani, wakayeyusha na kufua bangili. Misumari huigeuza vichwa vya mishale, ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Je, bangili hiyo tuiite ya nje au ya hapa?

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali mchanga kabisa. Anacheza, lakini mchezo huo ndio shule yake ya kuwinda. Upinde huohuo mtalii huununua na kuutundika sebuleni kwake Ulaya, wakati sisi tunatoka dukani na bastola ya plastiki kwa ajili ya mwanetu.

Tulio watu wazima tunakumbuka uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, tulipounda magari ya waya na makopo, magurudumu yakiwa ya kandambili zilizochakaa. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na Mzee Ruksa akaendeleza mlango ule, madukani vikajaa vya kuchezea vya kila rangi. Sikulaumu, na sabuni nayo ilirudi! Lakini gari la waya likahama uani kwetu, likaenda kuuzwa kwenye maduka ya vinyago, kwa wageni.

Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyechimba Mumba miaka ya 1930, alisafirisha vitu vingi kwao, na sehemu ya mkusanyo wake imehifadhiwa Tübingen. Mwanafunzi wa Mang'ola akitaka kuutazama, aanze na kuomba viza.