Mchezo wa Doom na Istilahi za Haki

Miongoni mwa nyanja ambazo istilahi zake zimekuwa zikiingia katika Kiswahili ovyo ovyo ni michezo ya kompyuta. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni la watoto, wala halistahili nafasi katika kurasa hizi. Lakini mfasiri akiandika kwamba mchezo fulani ni "huria", na mwalimu akaunakili katika kompyuta za shule kwa kuliamini neno hilo, kosa linalotendeka ni la kisheria. Yafaa basi tutazame historia ya mchezo mmoja ambao umeyagusa maneno haya yote.

Doom ulitolewa tarehe 10 Desemba 1993 na id Software, kampuni ndogo ya Texas, Marekani. Sehemu ya kwanza iligawiwa bila malipo. Aliyetaka zilizobaki alilipa. Tangu mwanzo John Carmack, mwandishi mkuu wa programu yake, aliutenga mchezo katika mafungu mawili. La kwanza ni injini, yaani programu inayochora kuta, kupima mwendo na kutoa sauti. La pili ni faili za WAD, zenye ramani, picha na sauti zenyewe. Injini ya gari haijali kama limebeba abiria au magunia, na ya Doom ni hivyo hivyo. Mchezaji aliweza kuweka faili yake juu ya ile ya asili bila kuiharibu. Mapema mwaka 1994 wachezaji walikuwa wamekwisha kuunda programu za kuchorea ramani, na mwaka 1996 id ilinunua kazi ya kikundi kimoja cha wapenzi hao, ikaiuza ndani ya Final Doom.

Tendo hili tuliiteje? "Marekebisho" hudokeza kuwa palikuwa na kasoro, na "mageuzi" yamekwisha kuchukuliwa na siasa. Napendekeza "ugeuzaji" kwa tendo na "geuzo" kwa kitu kilichotengenezwa.

Haki ya ugeuzaji ilipimwa mahakamani kwa mchezo mwingine, Duke Nukem 3D. Kampuni ya Micro Star ilikusanya ramani 300 zilizochorwa na wachezaji na kugawiwa bure, ikaziuza katika diski moja. Ramani hizo hazikuwa na picha hata moja ya mchezo wa asili. Zilieleza tu picha ipi iwekwe wapi. Hata hivyo, mwaka 1998 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba ramani hizo ni mwendelezo wa hadithi ya Duke, na haki ya kuendeleza hadithi ni ya mwenye hakimiliki. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni mgumu kwa wachoraji wale, ambao jasho lao halikutajwa sana katika shauri lile. Hata hivyo unatuonya tusiandike kwamba geuzo ni "mali ya aliyeligeuza" pasipo kuongeza neno.

Turudi kwa Doom. Tarehe 23 Desemba 1997 id ilitoa msimbo chanzo wa injini. Lililotolewa lilikuwa toleo la Linux, kwa kuwa maktaba ya sauti iliyotumika katika toleo la DOS ilikuwa mali ya mtu mwingine. Leseni ya kwanza ilikataza biashara, wala haikumlazimu mtu kutoa msimbo alioubadili. Toleo moja, glDoom, lilikatika kwa sababu diski ya mwandishi wake iliharibika kabla hajautoa msimbo wake. Mwezi Oktoba 1999 leseni ikabadilishwa kuwa GPL: kila mtu aweza kuutumia msimbo, kuubadili, hata kuuuza, mradi anayeipokea programu apewe pia msimbo na haki zile zile.

Hapa Kiswahili kina bahati. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na kizuizi, na wenyewe hulazimika kueleza kila mara. Sisi tunalo "bure" kwa bei, na "huria" tuliyokwisha kuizoea katika soko huria na Chuo Kikuu Huria. Sehemu ya kwanza ya Doom ya mwaka 1993 ilikuwa bure, haikuwa huria. Injini ya mwaka 1999 ni huria, hata kama mtu ataiuza. Nayo faili ya WAD inayouzwa si bure wala si huria mpaka leo.

Injini zilizotokana na msimbo huo, kama Chocolate Doom na GZDoom, huendesha mchezo katika kompyuta ambazo hazikuwapo mwaka 1993. Mfasiri mwenye haraka aweza kushawishika kuandika "bandari", kwa kuwa neno la Kiingereza lina umbo hilo hilo. Maana yake ni kuhamisha programu kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo "uhamishaji", na kinachopatikana ni "toleo hamishi". Anayepakua toleo hamishi amepata injini tu. Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi kitu kizima pasipo kuvunja hakimiliki atahitaji pia Freedoom, mkusanyo wa ramani, picha na sauti uliotengenezwa upya na watu wa kujitolea, na wenye leseni huria yake wenyewe.