Kutoka Kisu hadi Kidonge: Historia ya Tiba ya Kukua kwa Tezi Dume na Maana Yake kwa Kata ya Ndalambo

Utangulizi

Kukua kwa tezi dume kusikotokana na saratani ni hali ya uzeeni. Tezi iliyouzunguka mrija wa mkojo hutanuka na kuubana. Mwanamume huamka mara kadhaa usiku, mkojo hutoka kwa shida, na wakati mwingine huziba kabisa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 tiba ya uhakika ilikuwa upasuaji. Leo wagonjwa wengi hutumia vidonge na kuhudhuria uchunguzi wa mara kwa mara. Insha hii inadai kwamba badiliko hilo limeuhamisha mzigo wa tiba kutoka chumba cha upasuaji hadi kwenye safari, mfuko na kumbukumbu za mgonjwa. Kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba, inatumika kulifafanua dai hilo.

Kutoka kisu hadi kidonge

Mwanzoni mwa karne ya 20 Peter Freyer, mpasuaji wa London, aliueneza upasuaji wa kuiondoa tezi kupitia kibofu. Mwaka 1945 Terence Millin alitangaza njia ya kuifikia bila kukipasua kibofu. Penye uhaba wa wapasuaji, mgonjwa aliyezibwa alibaki na mpira wa mkojo.

Mlango wa dawa ulifunguliwa kwa njia mbili. Katika miaka ya 1970 ilidhihirika kwamba dawa zinazolegeza misuli ya shingo ya kibofu hurahisisha mkojo. Mwaka 1974 watafiti walieleza habari za wanaume wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoibadili homoni ya testosteroni. Tezi zao zilibaki ndogo hata ukubwani. Ugunduzi huo uliongoza kwenye finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992. Dawa za kundi la kwanza, kama tamsulosini, huleta nafuu ndani ya siku au wiki chache lakini haziipunguzi tezi. Finasteridi huipunguza, ila huhitaji takriban miezi sita.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wanaume zaidi ya 3,000. Kuunganisha dawa za aina hizo mbili kulipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66, kwa kulinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, wanaume hao walifuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu. Nafuu iliyothibitishwa ilikuwa ya dawa pamoja na ufuatiliaji.

Safari, gharama na kumbukumbu

Wilaya ya Momba ilitengwa na Mbozi mwaka 2012, na tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Huduma za afya za maeneo kama haya zilijengwa juu ya msingi wa Azimio la Arusha la 1967, lililoelekeza rasilimali vijijini. Zahanati zilizofuata zililenga zaidi mama, mtoto na magonjwa ya kuambukiza, yaani maradhi ambayo tiba yake huwa na mwisho. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Lakini mwongozo wa taifa wa tiba huzipanga dawa kwa ngazi za vituo, na bingwa wa njia ya mkojo hapatikani katika zahanati. Kwa mgonjwa wa Ndalambo, njia ya rufaa huelekea Tunduma, Vwawa na hatimaye Mbeya. Barabara ya Tunduma–Sumbawanga, iliyowekwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia mkataba wa 2008, kwa hiyo ni sehemu ya historia ya tiba kama ilivyo wodi.

Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, lakini msamaha wa ada haulipi nauli, na dawa isiyokuwepo hospitalini hununuliwa dukani.

Mzigo wa tatu ni kumbukumbu. Finasteridi hupunguza kiwango cha PSA katika damu kwa takriban nusu. Mgonjwa aliyeanza dawa Tunduma akapimwa Mbeya bila daftari lake anaweza kuambiwa yu salama, ilhali saratani imejificha nyuma ya tarakimu ndogo. Dawa za kulegeza misuli nazo huweza kushusha shinikizo la damu, na mzee akaanguka anapoinuka usiku.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kidonge kilikuja na sharti la kurudi. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya mgonjwa anayepona na kwenda zake unamkabili mzee atakayehitaji huduma hadi mwisho wa maisha yake. Kipimo cha mafanikio ya tiba hii Ndalambo ni idadi ya wazee wanaorudi kwa wakati, wakiwa na daftari mkononi, wakaikuta dawa. Idadi ya vidonge vilivyotolewa haitoshi kulieleza hilo.