Serikali na Riziki ya Msanii Tanzania

Rais Nyerere alipolihutubia Bunge la Tanganyika tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kwa wasanii tamko hilo halikuwa la heshima tu. Katika miaka iliyofuata viliundwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na mcheza ngoma, aliyezoea kutuzwa uwanjani, akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Walionufaika, hata hivyo, walikuwa wachache. Mchongaji wa Kimakonde aliendelea kumtegemea mnunuzi wake. Vikundi vilipovunjwa, nafasi yao ilishikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, 1981, ambacho kazi yake ni kufundisha, si kuajiri. Na Mfuko wa Utamaduni ulipoanzishwa mwaka 1998, ulisimama kwa msaada wa Sweden.