Walio Pembeni mwa Picha

Mtu atazamapo picha za kale za Unguja, zile zilizopigwa na akina Gomes na akina Coutinho, macho humwendea kwanza aliyeketi katikati. Joho lake limetariziwa, na mara nyingi jina lake limeandikwa chini. Kandoni, karibu na ukingo wa karatasi, husimama wengine ambao hakuna aliyeona haja ya kuwaandika: mtumishi, mlinzi, pengine mtoto aliyechungulia mlangoni. Makala haya yanawahusu hao, ingawa nitazungumza zaidi juu ya vioo.

Picha hizo zilianzia kwenye bamba la kioo. Bamba kamili lilikuwa na inchi 6.5 kwa 8.5. Karatasi ya albumini, iliyotangazwa na Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850, ilikuwa nzito wa kuitikia mwanga, hivyo ililazwa juu ya bamba, vikabanwa pamoja katika fremu na kuanikwa juani. Picha ikatoka na ukubwa ule ule wa bamba. Hapakuwa na lenzi ya pili iliyoingia kati, basi chochote ambacho kamera ilikiona, katikati au pembeni, kilifika kwenye karatasi kama kilivyo.

Tamaa ya picha kubwa ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1857 David Acheson Woodward wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya chombo kilichokamata mwanga wa jua na kuupitisha katika bamba hadi kwenye karatasi kubwa. Lakini lenzi ndiyo iliyokuwa kikwazo. Lenzi mashuhuri ya enzi hizo ni ile aliyoibuni Josef Petzval huko Vienna mwaka 1840. Ilikuwa na mwanga mwingi na makali ya ajabu katikati, ila taswira yake ilijipinda kama bakuli. Kwa sura ya mtu mmoja hilo halikudhuru. Wengine waliona hata ni pambo. Bamba na karatasi, hata hivyo, vyote ni bapa, na bakuli halilali sawasawa juu ya meza: katikati pakikaa vizuri, kingo huyeyuka.

Dawa ilitoka Jena, Ujerumani. Katika miaka ya 1880 Otto Schott aliyeyusha aina mpya za vioo, na kwa vioo hivyo Paul Rudolph wa Zeiss akatengeneza lenzi zilizolaza taswira bapa. Tessar yake ya mwaka 1902 ndiyo inayokumbukwa zaidi. Miaka hiyo hiyo ya 1880 zilienea karatasi za bromidi, nyepesi kiasi cha kuchapika kwa taa. Hapo chumba cha giza kikaacha kulitegemea jua, na mashine ya kukuzia ikapata makao.

Si wote walioikaribisha. Edward Weston wa California alipiga kwa kamera ya inchi 8 kwa 10 na kuchapa picha zake maarufu kwa kugusanisha negativu na karatasi, chini ya balbu tupu, hataki kitu kati yake na alichokiona. Rafiki yake Ansel Adams, aliyekuwa naye katika kundi la f/64 lililoundwa mwaka 1932, alizikuza negativu za ukubwa huo huo, ikiwamo ile ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez aliyoipiga mwaka 1941. Mimi nampenda Weston, lakini huwezi kuitundika picha ndogo ukutani ukataka ukumbi mzima uione.

Basi anayetaka kukuza achague lenzi gani? Kanuni ya mafundi ni nyepesi: urefu wa fokasi ukaribiane na mshazari wa negativu. Filamu ya milimita 35 hutumia lenzi ya milimita 50. Inchi 4 kwa 5 hutaka milimita 150. Componon ya Schneider, Rodagon ya Rodenstock na EL-Nikkor ya Nikon zote zilitengenezwa kwa urefu huo. Bamba kamili la babu zetu lina mshazari wa milimita 270 hivi, nalo hutaka lenzi ya karibu milimita 300.

Hapo ndipo vishawishi huanzia. Ukikuza mara 3 kwa lenzi ya 300, toka negativu hadi karatasi ni sentimita 160, na hapo hujahesabu taa. Dari la chumba cha giza huenda lisiruhusu, na ndiyo sababu mashine nyingi za mabamba makubwa zililazwa zikatupa mwanga ukutani. Kwa lenzi ya 210 umbali huo hushuka hadi sentimita 112. Fundi mwenye haraka huichukua ya 210, akaona katikati pako sawa, sura ya bwana mkubwa inameremeta, akaridhika. Pembe zimekuwa na giza na ukungu. Akizikata kwa mkasi, hakuna atakayeuliza. Nimekwisha kuona picha zilizokuzwa hivyo, ambamo wa pembeni amebaki bega tu.

Kuibana lenzi husaidia kiasi: vituo viwili au vitatu kutoka ulipo uwazi wake mkubwa, tuseme kutoka f/5.6 hadi f/11. Ukizidi mno, mwanga wenyewe hupinda kwenye kitundu na makali hupungua pote. Lakini lenzi fupi kupita kiasi hairefushwi kwa kubanwa.

Lenzi hizi siku hizi hununuliwa za mtumba, na kwa sisi wa visiwani kuna adui mwingine, kuvu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huiotesha ndani ya vioo kama utando wa buibui, nayo huila rangi ya kinga isirudi tena. Mnunuzi apitishe kurunzi kwa nyuma, achungulie kwa mbele, kisha aigeuze polepole. Akishaipata safi, aiweke katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na vijifuko vya kukaushia unyevu.

Kisha aweke bamba, azime taa, na kabla hajamtazama aliyeketi kitini ashike kioo cha kukuzia na kuzikagua pembe nne, moja baada ya moja, mpaka aone kama vidole vya yule aliyesimama ukingoni vinahesabika.