Walimwasi Nani?

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa, mhariri wa gazeti hili aliponitaka niandike habari yoyote ya historia, sikuhangaika kutafuta. Kwa muda mrefu nimekuwa na deni la alama mbili.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa historia alitupa insha ya Kiingereza juu ya Majimaji, nami nikaandika kurasa nne kwa mwandiko wa kujivunia. Kichwa cha insha yangu kilikuwa na maneno "Maji Maji Rebellion", kama nilivyoyakuta kitabuni. Daftari liliporudi, neno "rebellion" lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika swali moja kwa Kiswahili, ingawa somo lilikuwa la Kiingereza: "Walimwasi nani?" Alama mbili zikaenda. Nilipomfuata ofisini nikiwa na kitabu kama shahidi wangu, alisema ningeweza kuandika "rising", au "war", na kwamba nikitaka kubaki na "rebellion" basi nilete jibu la swali lake. Nilitoka pale nikinung'unika. Kwangu mimi maneno yale yalikuwa ndugu wa tumbo moja, na mwalimu alikuwa anatafuta makosa tu.

Leo ninaandika kumjibu, japo nimechelewa.

Tuanze na maneno yenyewe. "Rising" ni neno la kawaida kabisa la Kiingereza, lina maana ya kuinuka. Jua huinuka, mtu huinuka kitini, na watu nao wakionewa sana huinuka. Neno hilo halisemi aliyeinuka alikuwa chini ya nani, wala kama alikuwa na haki au hana. "Rebellion" lina asili nyingine. Limetoka katika Kilatini, na ndani yake limo neno "bellum", yaani vita, likitanguliwa na kiambishi chenye maana ya tena. Kwa Warumi, aliyefanya jambo hilo ni yule aliyekwisha kushindwa, akakubali, kisha akashika silaha mara ya pili. Kwa hiyo neno linabeba hukumu ndani yake: kwamba yuko mtawala halali, na kwamba huyu alikwisha kumtii. Kiswahili chetu kinasema vivyo hivyo. Mtoto huasi wazazi, mja humwasi Mungu. Hatusemi mtu amemwasi jirani yake, hata wakipigana kwa mapanga, maana jirani hakuwa na amri juu yake.

Sisi tunaofanya kazi za serikali tunajua uzito wa mambo haya. Nimeshika mafaili ya watumishi miaka mingi. Kati ya kumstaafisha mtu kwa manufaa ya umma na kumfukuza kazi, yeye mwenyewe siku ile ataona ni jambo moja: anakusanya vitu vyake, anarudisha funguo. Lakini neno lililoandikwa katika barua ndilo litakalomfuata katika mafao yake. Anayeandika ile barua ndiye mwenye kalamu, na anayeondoka haulizwi.

Sasa turudi Ungoni. Mwaka 1897 Luteni Engelhardt alifika na kikosi chake. Viongozi wa Wangoni waliitwa wakusanyike, risasi zikafyatuliwa, wengine wakafa na waliobaki wakakubali bendera. Boma likajengwa karibu na makazi ya Nduna Songea Mbano, na kituo kikachukua jina lake. Mwaka uliofuata wamisionari Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho. Kodi ikaja, kazi ya lazima ikaja, na heshima ya wakubwa wa nchi ikapungua mwaka hata mwaka.

Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, upande wa Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa. Yaliingia Ungoni mkononi mwa Omari Kinjala, yakapokewa kwanza na Nkosi Chabruma wa Mshope, kisha na Wanjelu wa Nkosi Mputa Gama. Septemba misheni ya Peramiho iliteketezwa. Oktoba kikosi cha Kapteni Nigmann kutoka Iringa kilivamia kambi ya Wangoni huko Namabengo, na wengi wakaona kwa macho yao kwamba maji hayazuii risasi. Vita haikuisha hapo. Ilibadilika ikawa ya kuvizia porini, na Wajerumani nao wakaanza kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Yaliyofuata ni njaa. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika eneo zima la mapigano kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea, Nkosi Mputa miongoni mwao, wakazikwa katika kaburi moja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Wazee husimulia kwamba yeye angeweza kuachwa hai, akakataa kubaki baada ya wenzake. Kila Mngoni amekwisha kuyasikia haya. Ninayoyataka tuyatazame ni yale yaliyokuwa katika karatasi. Miaka saba kabla ya kitanzi kile, mwaka 1899, Ujerumani ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotia sahihi huko The Hague mkataba wa sheria za vita, na humo imeandikwa kwamba mateka wa vita atendewe kibinadamu. Mateka hanyongwi kwa sababu tu alipigana. Lakini mkataba ule uliwafunga waliotia sahihi wanapopigana wao kwa wao, na Ungoni haikualikwa The Hague. Hivyo Mputa Gama hakuwa mateka. Alikuwa muasi, na muasi alikuwa na mahakama yake ya kijeshi na mti wake wa kunyongea.

Hapo ndipo nilipoelewa wino mwekundu wa mwalimu wangu.

Nitamtendea haki na yule mwenye neno lake. Kama tukishika maana ya Kirumi, Mjerumani angeweza kusema: mwaka 1897 mlikubali, mwaka 1905 mkapigana tena, sasa mnataka niwaite nani? Gavana von Götzen mwenyewe, katika kitabu alichochapisha mwaka 1909, alitumia neno la Kijerumani "Aufstand", ambalo kwa asili ni kusimama tu, kuinuka. Mfasiri wa Kiingereza anaweza kulitoa kama "rising" au kama "rebellion", na kila mmoja ameamua kwa upande wake. Jibu langu kwa hoja ya mwaka 1897 ni hili: kukubali mbele ya mtutu wa bunduki, wenzako wakiwa wamelala chini, ni kunyamaza. Sioni vipi mtu ataliita ahadi.

Wasomi nao hawakukaa neno moja. John Iliffe, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika makala mwaka 1967 akasema "Rebellion". Mwaka 1968 yeye na Gwassa walitoa kijitabu cha kumbukumbu, juu ya jalada wakaandika "Rising". Gwassa alipoandika tasnifu yake ya mwaka 1973, alisema "War". Sidai kwamba kila mara walikaa na kamusi wakashauriana. Lakini angalieni nani alisema nini. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo walitumwa vijijini kwao wakawasikilize wazee waliokuwa bado hai, na taarifa ya huku kwetu iliandikwa na Mapunda na Mpangara, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la "The Maji Maji War in Ungoni". Vijana wale walikuwa wamewasikiliza wazee, na wazee husema vita. Hata utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, unaitwa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Mimi sijapata kumsikia mzee wa Songea akisema uasi wa Majimaji. Uasi ule tunaukuta shuleni.

Lakini kuna jambo lililonifanya nisite kalamu. Desemba 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa huko New York, akawaeleza habari za Majimaji. Na neno alilotumia, kwa Kiingereza chake safi, lilikuwa "rebellion". Alilisema bila aibu, akieleza kwamba watu wale waliitikia wito wa kila moyo wa binadamu wa kukataa kutawaliwa na mgeni. Je, mwalimu wetu angemkata alama mbili? Nadhani asingethubutu. Nadhani pia Mwalimu alijua anachokifanya: aliwaambia watawala neno lao wenyewe, akaligeuza likawa sifa. Aliweza kwa sababu alikuwa amesimama jukwaani na kusema kwa niaba ya watu wake. Kijana wa kidato cha tatu anayelinakili kutoka kitabuni hageuzi kitu.

Na tusijifanye malaika. Sisi Wangoni tulifika nchi hii kutoka kusini kwa mkuki, tukawatawala wenyeji tuliowakuta, Wandendeule na wengineo. Wale walipokataa amri ya mababu zetu waliitwa nani? Hakika hawakuitwa mashujaa. Swali la "walimwasi nani" linauma pande zote, na nikikutana na Mndendeule akaniuliza, itanibidi nitafute jibu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Aliweka shada la maua, alikutana na ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu. Aliahidi pia kwamba watajitahidi kukitafuta kichwa cha Songea, ambacho ukoo unasema kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Nilisoma habari za siku ile katika magazeti kadhaa ya Kiingereza. Mengine yaliandika "uprising", ambalo ni pacha wa "rising", na mengine "rebellion", juu ya ziara ile ile ya mtu yule yule. Nilikuta mkono wangu unatafuta kalamu nyekundu.

Likizo iliyopita nilipita Mahenge, makumbusho, nikiwa na mwanangu wa kiume anayesoma kidato cha pili. Tulisimama kwanza penye kaburi la pamoja, kisha penye kaburi la Nduna lililo peke yake. Mtoto akaniuliza, "Baba, hivi Wajerumani walimnyonga Songea, halafu mji wakauacha na jina lake?" Nikamwambia ndiyo, boma lilikuwa na jina hilo tangu mwanzo, na barua zao waliendelea kuziandika kutoka Songea. Akafikiri kidogo, kisha akatoa daftari lake mfukoni akaanza kunakili majina yaliyoandikwa pale, nami nikamsubiri mpaka alipomaliza.